Semeni Hamjui Kusoma

...na ameivaa kweli, ameivaa bila haya, fulana ya manjano inayochoma macho kuliko jua lenyewe, na uso wa Ekeno, mwakilishi wa wodi yao anayegombea tena, umetandazwa mgongoni mwake kama kifuani, kutoka bega hadi bega, unacheka, meno yote nje, unamtazama Awoi aliyesimama nyuma kwenye foleni kana kwamba yeye ndiye anayechekwa, na chini ya kidevu maandishi makubwa meusi, MTU WETU, akayasoma, akayasoma tena, akayasoma mpaka yakapoteza maana, mtu wetu mtu wetu, mtu wa nani, na aliyeivaa si kijana wa mjini aliyepewa soda akavishwa, ni Aukot, shemeji yake, mume wa Namuria, Namuria mdogo wake wa ziwa moja, anayelala ng'ambo ya laga, ule mto mkavu, chini ya mawe ambayo mvua haijayanyea tangu yapangwe, na huyu mume wake amesimama hapa uwanjani mwa shule, Kakuma, siku ya kura, amembeba mgongoni mtu aliyemuua... hapana, wazee walisema neno hilo lisitamkwe, wakasema ni kazi ya Mungu, basi halitamki, lakini moyoni nani atamzuia, aliyemuua, aliyemuua, aliyemuua. Asubuhi Aukot alimpa salamu, ejok, kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba maji kwenye boma la watu asiowajua, naye hakuitika, akageuza uso akatazama ua wa miti ya mathenge kana kwamba mathenge ni kitu cha kutazamwa, na tangu hapo hawajasemezana, mgongo na macho tu, na Awoi alikuwa amekwisha kupanga, wakifika karibu na mlango wa darasa, pale penye watu wengi na maafisa, atamshika fulana hiyo kwa nyuma amuulize kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, Aukot, mke wako yuko wapi, ajibu mbele ya watu, ajibu huku huyo bwana anacheka mgongoni mwake, na wanaosema Awoi wa sokoni ana mdomo wataona leo mdomo ni kitu gani, maana miaka yote aliyouza samaki Lodwar ameutumia kuwafukuza wanunuzi wajanja tu, hajautumia kwa jambo lililostahili...

"Wewe, mzee wa manjano!" askari alikuwa akija kutoka kwenye kivuli cha tangi la maji, mtu wa bara, uso umeungua kwa jua asilolizoea, "hiyo fulana, hapana. Leo hakuna kampeni hapa." Aukot akageuka polepole, macho yake mekundu yanayotoa machozi kila siku yakamtafuta aliyesema, akasema, "Ni nguo tu, afande, sina ingine," na watu wakacheka, na askari naye karibu acheke, akasema, "Basi geuza ndani nje. Ama urudi nyumbani ukavae blanketi," na Aukot akaivua pale pale, mbele ya wanawake, akainua mikono na mbavu zikaonekana zote, Mungu wangu, mbavu gani hizi, mtu huyu alikuwa na kifua, mtu huyu alicheza ngoma siku ya harusi akiruka mpaka vumbi likafunika ng'ombe, sasa ngozi imelala juu ya mifupa kama shuka iliyoanikwa kwenye miiba, na Awoi akajiambia asimwonee huruma, asithubutu, njaa si sababu, wote wana njaa, na Aukot akaivaa tena fulana yake, mishono nje, kile kicheko sasa kimelala kifuani na mgongoni kwake kwa ndani, ngozi kwa uso, na kwa nje umebaki ukungu wa rangi tu na herufi zilizopinduka, akamshukuru askari, akamshukuru! na foleni ikatulia ikarudi kwenye jua lake.

Ilikuwa pia mchana siku ile, mchana kama huu, upepo wa vumbi, Lodwar nzima imetoka kwa sababu mkubwa wa chama anakuja kutoka Nairobi, nyimbo, pikipiki zinazozungukazunguka zikipiga honi, na Awoi yuko kibandani akipanga samaki wakavu wa kutoka ziwani, mkia huku kichwa kule, akainua macho akaiona ambulensi ya wodi yao, nyeupe, jina la wodi ubavuni, ile ile iliyoletwa kwa kukata utepe na mbuzi wakachinjwa, sasa imefungwa vipaza sauti juu ya paa na picha za Ekeno zimebandikwa mpaka kwenye msalaba mwekundu, na mlango wa nyuma uko wazi, na pale anapolazwa mgonjwa zimepangwa kreti za soda, barafu inayeyuka inadondoka barabarani, mbwa analamba, na yeye alifikiri, ala, si gari letu la nyumbani lile, alifikiri hivyo tu, kama mtu anayemwona mbuzi wake katika soko la mbali, akamwambia hata jirani, lile ni letu, na akarudi kwa samaki wake, angejuaje, angejuaje kwamba saa ile ile kule nyumbani Namuria amelala chini ameuma kitambaa, tangu alfajiri ameuma kitambaa, na Aukot amepanda kichuguu kutafuta mtandao, anampigia dereva wa ambulensi, na dereva anasema, niko na mheshimiwa, ngoja kidogo, na Aukot anangoja, mtu akiambiwa angoje anangoja, anapiga tena, ngoja, tunamaliza sasa hivi, na nyuma ya sauti ya dereva anasikia nyimbo, Aukot mwenyewe ndiye aliyemsimulia, nilisikia nyimbo, Awoi, nikadhani wako karibu... kisha pikipiki, Namuria katikati, mwenye pikipiki mbele, Aukot nyuma amemkumbatia asianguke, mpaka kwenye laga, na laga ile haina maji ila ina mchanga, mchanga ulioshika gurudumu ukalizamisha, wakashuka, akatembea, Namuria akatembea kwa miguu yake akishikwa huku na huku, akasema nipumzike kidogo chini ya ule mti, wakampumzisha, na hapo ndipo alipopumzika, yeye na aliyekuwa tumboni, na simu ilipolia kibandani jua lilikuwa bado liko juu na vipaza sauti vilikuwa bado vinaimba, mtu wetu, mtu wetu, na lile gari lilikuwa bado liko pale, Awoi aliweza kuliona, angetupa jiwe lingelifikia.

Na mazishini Ekeno akaja! Si angekaa kwake? Akaja na msafara, akaja na hema na viti na mchele na ng'ombe wa kuchinja, akasimama kando ya kaburi akalia, na machozi yalikuwa ya kweli, hilo ndilo linalomkaba Awoi kila akikumbuka, laiti angelia uongo, lakini Ekeno ni mtoto wa Lokeno, na Lokeno ni mdogo wa baba yao, walikulia boma moja, Namuria alimbeba Ekeno mgongoni alipokuwa mdogo na mguu wake umevimba kwa mwiba, alimlilia dada yake kweli kweli, kamasi na yote, kisha akapangusa uso akasema, ndugu zangu, mnirudishe tena ili barabara hii ya laga niitengeneze, asife mwingine, na watu wakapiga makofi, kaburini, makofi! na mama mmoja karibu na Awoi akasema, unaona, mtu wetu haachi watu wake. Hakuna aliyeuliza ambulensi ilikuwa wapi, kila mtu alijua ilikuwa wapi, nusu yao walikuwa wameipanda kwenda mkutanoni. Aliyeuliza lolote ni Nasteho peke yake, Nasteho wa duka la Kakuma ndani ya kambi ya wakimbizi, anayenunua samaki wa Awoi awauzie Wakongomani, Msomali aliyezaliwa hapa hapa kambini, alimpa kiti na chai ya maziwa ya ngamia akasema, "Abaayo, dada yangu, mimi nimezaliwa Kakuma, sijapiga kura hata siku moja, hata ya kuchagua mtu wa kushika bomba la maji. Nyinyi mnayo. Sasa mtampa nani?" na jibu Awoi alilijua na lilikuwa aibu, na Ekeno huyo huyo jukwaani anasema maji ya Waturkana yamenywewa na wakimbizi, kliniki ya Waturkana imejaa wakimbizi, na watu wanapiga yowe, ndiyo, ndiyo, kana kwamba Nasteho ndiye aliyepakia soda ndani ya ambulensi.

Foleni ikasogea unyayo mmoja ikasimama, kumbe haikusogea, ni watu wamebadilisha mguu, na nyuma ya Awoi mwanamke mwenye shanga za buluu na mtoto mgongoni anaongea na mwenzake, maneno yanaingia masikioni hata usipoyataka, "...Akaale ni mtu mzuri, mimi sisemi vibaya, huyu mtoto ni mikono yake ndiyo ilimtoa, alikuwa ametangulia miguu, Akaale akamgeuza..." na mwenzake, "Sasa utampa?" "Nimpe aje? Akaale si wetu. Ni mtu wa Kaaleng, ameolewa tu huku," na akasema bila kusita, bila hata kicheko, mtoto aliyegeuzwa na Akaale akinyonya kidole mgongoni mwake, na Awoi akataka kugeuka amtikise yule mama mpaka shanga zidondoke, si wetu! Akaale mwuguzi aliyewazalisha nusu ya wanawake wa foleni hii, aliyehamishwa akapelekwa mbali kwa sababu aliuliza kwenye mkutano gari la wagonjwa linalala wapi, akaacha kazi akarudi kugombea, si wetu kwa sababu alizaliwa upande mwingine wa nchi hii hii ya jua, na yule anayetuzika ni wetu, "wetu hata akila, makombo yanaanguka kwetu," hivyo ndivyo alivyosema mzee mmoja ndani ya lori asubuhi, na lori zima likacheka likakubali, na Awoi alikuwa ndani ya lori hilo, ndiyo, lori la Ekeno, lililowatoa Lodwar watu wote walioandikishwa Kakuma, lingekuwa lipi jingine, na walipofika walikuta nyama tayari na yeye hakuila, lakini kutokula nyama kunamdhuru nani, mbwa waliila.

Na ndani ya lori ndimo Lokeno alimosimama, baba Lokeno mwenyewe, ameshika chuma cha juu kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine, akawaambia kama anavyogawa kazi za malisho: "Mkifika mezani, semeni hamjui kusoma. Wote. Na semeni hamna mtu wa kuwasaidia. Afisa atauliza unamtaka nani, wewe taja jina kwa sauti, ajenti wetu ameketi hapo, atasikia. Hivyo tutajua nani ni wetu na nani ni mgeni aliyelala kwetu." Mtu mmoja akasema, "Mimi nimesoma mpaka darasa la nane, mzee." Lokeno akasema, "Leo hujasoma," na lori likacheka tena, wanacheka nini, watu hawa wanacheka nini, wanavuliwa macho wanacheka, na Lokeno alimtazama yeye Awoi aliposema hivyo, akaongeza kwa upole, upole wa mtu anayesugua kisu, "Na wewe binti yangu, kibanda kile cha soko ndugu yako Ekeno alikihangaikia sana. Usimwaibishe." Sasa yuko pale, anapita kando ya foleni na fimbo yake, mzee wa heshima, askari hamgusi, na kando yake yuko Byron, kijana wa kampeni wa Ekeno, mwenye tai na kitambulisho cha ajenti shingoni, ametoka nje mara moja kupunga upepo, anawainamia wazee mmoja mmoja, "Mathe, usijali, we ukiingia sema tu hujui kusoma, tutakusort," na akina mama wanaitikia kwa kichwa, na mwanamke mwenye shanga anaitikia kwa kichwa, na Aukot, loo, Aukot naye anaitikia kwa kichwa, kile kichwa, na hasira ikampanda Awoi kutoka miguuni kama moto wa nyasi, unasikia joto lake kabla hujauona, kwa sababu kusema hajui kusoma...

...kwa sababu nani alimfundisha? Boma lao lilipeleka mtoto mmoja shuleni na mtoto huyo alikuwa Namuria, aliyekuwa na akili na asiyefaa kuchunga maana aliwaacha mbuzi wapotee akiongea na ndege, na Awoi mkubwa akabaki na mbuzi, na jioni Namuria alirudi miguu imejaa vumbi, akachukua kijiti akalainisha mchanga kwa kiganja akasema, dada, leo tumeletewa hii, tazama, inafanana na kichwa cha ng'ombe kilichopinduka, hii ni A, na wewe inaanza kwako, Awoi, na Awoi akacheka akasema mimi nina mbuzi wa kukama, lakini alitazama, kila jioni alitazama, mwaka baada ya mwaka, herufi zilizofutwa na upepo kabla ya asubuhi na alfajiri amezikumbuka njia nzima ya malisho, mpaka siku aliposoma peke yake maneno kwenye gunia la unga wa msaada, SI YA KUUZWA, akapiga yowe mbuzi wakatawanyika, na Namuria akaruka, akamshika mikono, wakazunguka kama wendawazimu, dada anajua kusoma, dada anajua kusoma! Hayo ndiyo leo aende akayakane mbele ya meza, mbele ya Byron na tai yake, sijui kusoma, na hapo ndipo watakuwa wamemzika Namuria mara ya pili, na safari hii yeye Awoi ndiye atakayeshika sepetu, kwa ajili ya kibanda, kwa ajili ya mabati na meza ya samaki, na asiposema, kesho kibanda kina mtu mwingine, hilo nalo si maneno, alishaona wenzake wakiamka na kukuta kufuli la mgeni, na watoto wa Namuria wanaokaa kwa Lokeno ni yeye anayewapelekea samaki na sabuni na sare, atawapelekea nini, mchanga? Basi asipige kura kabisa, arudi, achane karatasi, awapigie kelele wote, amshike Aukot fulana kama alivyopanga, ndiyo, apige kelele, angalau kelele ni yake...

"Wananchi, tusikizane," sauti ilikwaruza kutoka mlangoni, dada mmoja wa tume ameshika kipaza sauti, anasoma kwa kuchoka kama aliyekwisha kusoma maneno hayo mara nyingi, "asiyejua kusoma au asiyeona vizuri ataruhusiwa kusaidiwa. Unaweza kuja na mtu wako mmoja unayemwamini. Asiwe mgombea, asiwe ajenti. Atakula kiapo kwamba atatia alama pale unapomwambia, na hatasema. Kama huna mtu, afisa atakusaidia mbele ya maajenti. Narudia..." na hakurudia, kipaza sauti kikalia kikazimika, na Byron akatazama viatu vyake, na foleni ikaendelea kuongea habari ya jua na ya mbuzi kana kwamba upepo ndio uliopita.

"Awoi." Aukot hakugeuka, alisema mbele yake hewani, kwa Kiturkana, sauti ile ile ya kuomba maji. "Umesikia alichosema yule dada?" Asimjibu, lakini mdomo huwa haumngoji, "Nina masikio." "Mtu mmoja. Wa kuamini." "Nimesikia." "Nataka uingie na mimi." Akacheka, kicheko kilimtoka kikavu kama kikohozi, akasema, "Ingia na ndugu yangu Ekeno. Si umemlaza kifuani, si anasikia moyo wako unavyopiga?" na alisema kwa ukali, mwanamke wa shanga akatega sikio, na sasa Aukot akageuka, akaishika ile fulana kwa vidole viwili mbele ya tumbo akaivuta mbali na ngozi kama mtu anayeondoa kitu chenye unyevu. "Hii," akasema, "baba yako Lokeno alinipa siku matanga yalipoisha. Alisema, vaa. Nikamwambia, mzee, nimekuja kuchukua watoto wangu, wamekaa kwako vya kutosha. Akasema, mahari ya mama yao haijaisha, na watoto wa mahari ambayo haijaisha ni wa nyumba ya mama, wewe unajua desturi. Vaa, akasema. Watoto tutaongea baada ya uchaguzi."

Baada ya uchaguzi... na Awoi alikuwa amemshukuru! alikwenda kwa miguu yake mpaka mlangoni mwa Lokeno akainama akamshukuru, baba umetusaidia, watoto wanakula kwako, wako karibu na shule, na Lokeno akapokea shukrani kama mtu anayepokea maziwa, akasema ni damu yetu, binti yangu, tungewaacha wapi, na yeye akarudi Lodwar na moyo mweupe kwa upande huo mmoja, na hasira yote akamwekea huyu, mwezi baada ya mwezi akilala na hasira ya huyu, mume gani anayewaacha watoto kwa watu akazunguka na fulana ya wauaji, kumbe kila siku anaivaa kama mnyama anavyovaa kengele, ili mwenye mifugo asikie bado yupo zizini, "Mbona hukuniambia?" akasema, na sauti haikuwa ile aliyoipanga. "Ungefanya nini?" Aukot akasema. "Ungepiga kelele." Ni kweli, angepiga kelele, na Lokeno angengoja mpaka anyamaze, watu kama Lokeno wanajua kungoja kelele iishe, wamejengwa kwa hiyo, kelele ya mwanamke ni mvua ya kiangazi, unaingia chini ya ngozi ya ng'ombe ukitoka ardhi ni kavu tena. "Aliniambia niseme sijui kusoma," Aukot akaendelea, "nitasema, ni kweli, sijui, na macho yangu hata picha hayaoni vizuri. Aliniambia niseme sina mtu. Hilo ni uongo. Nina mtu. Marehemu alikuwa akisema kila mara, dada yangu anasoma kuliko mimi." Alisema hivyo? Namuria alisema hivyo, kwa mume wake, jioni, wakati Awoi hayupo? Asilie, si hapa, asimpe Byron hilo. Akauliza kwa haraka, karibu kwa ukatili, "Na ukiniambia niweke Ekeno?" "Utaweka Ekeno." "Kwa mkono wangu mimi?" "Kwa mkono wako. Kiapo ni kiapo. Nikikuambia mwingine, utaweka mwingine." Macho yale mekundu yalikuwa yakimtazama sawasawa, machozi yake ya kila siku yakishuka bila kulia. "Bado sijajua, Awoi. Nina watoto. Lakini chochote nitakachosema nitakisema kwenye sikio lako. Sitakisema kwa yule mtoto wa tai."

Amwekee Ekeno, kwa vidole hivi, atie alama yake kando ya lile jino linalocheka, na atoke nje asiseme, milele asiseme, ndicho anachoombwa, hawezi, na papo hapo akajua anaweza, atakunja uso lakini ataweka, kwa sababu kama hawezi, basi yeye na Lokeno tofauti yao ni fimbo tu, wote wanaitaka kura ya mtu huyu iliyo ndani ya mbavu zake na wote wana hakika ni yao. Na ili amshikie karatasi itabidi kwanza aseme pale mezani, kwa sauti, mbele ya ajenti, najua kusoma. Hapo kibanda kimekwenda. Akakitazama kikienda, mabati, meza, ndoana za kutundikia samaki, akashangaa hakikuwa kizito kama alivyodhani, na karatasi yake mwenyewe ataingia nayo peke yake nyuma ya kadibodi na Akaale wa Kaaleng hatajua nani amempa, hata asiposhinda, na huenda asishinde, foleni hii nzima imeshaitikia kwa kichwa, hasira haikupungua hata kidogo, ila ilikuwa imemwacha Aukot, ilikuwa imemtoka mgongoni mwake ikasimama wima, na haikuhitaji kupiga kelele tena, ilikuwa imenyamaza kama chui anavyonyamaza, na ndani ya ukimya wake neno moja la Lokeno likawa linajirudia, nyumba ya mama, watoto ni wa nyumba ya mama, na nyumba ya mama ni nani? Baba yao amekufa, mama yao amekufa, tumbo lililomzaa Namuria limezaa mtu mmoja tu aliyebaki anayevuta pumzi, na mtu huyo amesimama hapa juani na miguu inamuuma. Lokeno ni nani katika nyumba hiyo? Ni jirani wa damu. Mbona hajawahi kufikiri hivyo, mbona desturi siku zote huja ikiwa mdomoni mwa mwenye fimbo, kana kwamba wengine hawakuzaliwa ndani yake.

"Mnaongea nini nyinyi wawili?" alikuwa amefika, baba Lokeno, harufu ya ugoro na nyama ya asubuhi, fimbo imepumzika begani, anatabasamu kwa ajili ya watu, na Byron nyuma yake ameinamisha sikio, na Aukot akaangalia chini, na mkono wake ukaanza kuinyosha ile fulana kwa mazoea, na Awoi akasogea, pengo lililokuwa kati yake na shemeji yake tangu asubuhi akaliziba, akasimama karibu mpaka hakuna mtu ambaye angepita katikati yao, akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ya kuulizia bei ya chumvi, "Habari ya watoto, baba. Ulisema tutaongea baada ya uchaguzi. Sisi tumeanza." Tabasamu la mzee halikutoka, lilibaki pale pale usoni likiwa limesahauliwa na mwenyewe, na macho yakatoka kwa Awoi yakaenda kwa Aukot yakarudi, yakitafuta ni nani kati yao aliyelegea, na mwanamke wa shanga alikuwa amemshusha mtoto mgongoni amempakata, anasikiliza waziwazi sasa, na askari yuko kivulini, na mlango wa darasa umejaa watu wale wale, hakuna aliyeingia, hakuna aliyetoka, jua liko palepale juu ya tangi la maji, na Awoi akangoja mzee ajibu, hakuwa na haraka, akagundua kwamba hata yeye anajua kungoja.